Kompyuta Yajifunza kwa Fundi, Sisi Twamkimbia

Imekuwa desturi katika mwambao wetu, mtoto akishindwa na masomo ya skuli, wazee wake hukaa chini wakaambizana, "Basi huyu na apelekwe kwa fundi." Husemwa hivyo kwa unyonge, kama watu waliofiwa. Hasemi mtu kwamba mtoto huyu ana mikono hodari, au jicho lake lapima ubao bila ya futi, basi apelekwe kwa fundi. Kwa fundi hupelekwa aliyebaki. Akili ni ya kitabu, na mikono ni ya wasio na akili. Hiyo ndiyo hukumu yetu, na tumeipitisha miaka mingi bila ya kumwita shahidi hata mmoja.

Leo nataka kumwita shahidi, naye atoka mahali ambapo wengi hawakutazamia. Atoka ndani ya kompyuta.

Wako wataalamu katika vyuo vikuu vya Ulaya, Marekani na Japani ambao kazi yao ni kuchunguza suali moja: vipi kiumbe huchukua kitu kisichokuwa sehemu ya mwili wake, akakitumia kupata alitakalo? Ili kulijibu, wengine hutazama wanyama, wengine hufukua mawe ya kale, na wengine huunda roboti. Siku hizi wote hao hukutana kwenye kompyuta. Huunda ndani yake dunia ndogo ya hesabu, ambamo vitu vina uzito, huteleza na huanguka kama katika dunia yetu. Kisha humtia humo kiumbe wa hesabu, wakamwekea zana, wakamtazama atafanyaje. Akifanya kama afanyavyo kunguru wa kweli, au mtu wa kweli, wao husema, huenda tumefahamu kidogo siri ya jambo hili. Akishindwa, husema, kuna kitu hatukukijua. Kwangu mimi faida kubwa imo katika kushindwa huko, lakini kwanza tuwatazame wanyama, maana ndio walioanza kutuaibisha.

Kwa muda mrefu ilishikwa na wenye elimu kwamba binadamu ndiye pekee aundaye zana. Mwaka 1960, huko Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, bibi Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alimwona sokwe dume aliyempa jina la David Greybeard akichukua unyasi, akiutia katika tundu la kichuguu, akiutoa umejaa mchwa, kisha akila. Tena akaona sokwe wakichuma vijiti na kuvipukuchua majani kwanza kabla ya kuvitumia, yaani walikuwa wakiunda. Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, ambaye ndiye aliyempeleka Gombe, alipopata habari alikiri kwamba sasa ama maana ya zana ibadilishwe, ama maana ya mtu, ama sokwe nao watiwe katika hesabu ya watu.

Baada ya sokwe akaja kunguru. Si huyu wetu wa Mombasa anayetupokonya mahamri mkononi, bali kunguru wa visiwa vya New Caledonia, katika bahari ya Pasifiki. Huyo huunda vijiti vyenye ndoana, akaopoa mabuu ndani ya magogo. Mwaka 2002 wataalamu wa Oxford walitangaza habari ya kunguru jike aliyeitwa Betty. Aliwekewa kindoo kidogo cha chakula ndani ya bomba lililosimama, na kando yake waya ulionyooka. Betty akaupinda ule waya ukawa ndoana, akakiopoa kindoo. Watu wakapiga vigelegele: kunguru amevumbua! Lakini miaka 14 baadaye, mwaka 2016, ikaandikwa kwamba kunguru wa porini wa jamii hiyo hiyo nao hupinda vijiti wanapounda zana zao. Basi huenda Betty hakuvumbua kitu. Huenda alifanya yale ya jadi yake. Naipenda sana habari hii. Twenda mbio mno kumvika mtu, au ndege, kilemba cha akili, na twenda mbio vile vile kumvua.

Sisi tuliosoma chuoni habari ya kunguru mwalimu si ngeni kwetu. Katika Sura ya Al-Maida imo habari ya mwana wa Adam aliyemuua nduguye, kisha asijue la kufanya na maiti. Akapelekewa kunguru akichakura ardhi, ili amwonyeshe namna ya kuisitiri. Maalim zetu walipotusomesha kisa hicho walishikilia dhambi ya kuua, nao walifanya haki, maana ndilo kubwa lililomo. Lakini mimi kila nikikisoma hukwama penye majuto ya yule muuaji, pale alipoona kwamba hata kunguru amemzidi ujuzi. Kaburi la mwanzo, ndugu msomaji, mtu alifunzwa na ndege.

Sasa mawe, na hapa twarudi kwetu Kenya. Mwaka 2015 ilitangazwa habari ya mawe yaliyopatikana Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana. Ni mawe yaliyopasuliwa kwa makusudi, na umri wake ni miaka milioni 3.3. Hazijajulikana zana za mawe za kale kuliko hizo popote duniani. Mwaka 2023 ikaja habari nyingine kutoka Nyayanga, katika rasi ya Homa huko Ziwa Victoria, ambako mawe ya kukatia yalikutwa pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kuchinjwa. Najua yuko msomaji atakayeshika ndevu zake aniulize mbona naleta mambo ya mamilioni ya miaka katika ukurasa huu, na je, Adam amekwenda wapi? Jawabu langu ni fupi. Jiwe lililopasuliwa ni jiwe lililopasuliwa, na umri wake umepimwa kwa majivu ya volkeno na kwa alama za sumaku zilizomo ardhini. Nani aliyelipasua, na roho yake ilikuwaje, hayo jiwe halisemi, nami simsemei Mola wangu. Masheikh wana maneno yao, na baraza liko wazi.

Linalonishughulisha mimi ni namna jiwe lipasuliwavyo. Si kugonga tu. Sharti jiwe la kugongea lipige karibu na ukingo, na ukingo wenyewe uwe na pembe isiyofika digrii 90, na pigo liwe la kadiri yake, la sivyo utavunja vidole na jiwe likucheke. Mwaka 2021 watafiti wa Ujerumani waliifunza kompyuta kwa mawe ya kuigiza mpaka ikaweza kubashiri: ukilipiga jiwe hapa, kipande cha namna gani kitabanduka. Ni kazi nzuri, na itawasaidia wachimbuaji kusoma mawe ya kweli. Lakini kujua kipande kitakavyotoka ni jambo moja, na kukitoa ni jambo jingine. Mimi pia najua mashua ielekeavyo ikishikwa na kusi, na hakuna mwenye chombo atakayenipa usukani wake.

Kisha likazuka suali: je, wapasua mawe wa kale walifunzana, au kila mmoja alijigundulia? Mwaka 2015 wataalamu waliwakusanya watu 184 wakawatia katika kazi ya kupasua mawe kwa njia mbalimbali. Wengine walipewa vipande vilivyokwisha pasuliwa wavitazame tu, wengine waliwatazama wenziwe wakifanya, wengine wakafunzwa kwa ishara, na wengine kwa maneno. Ikaonekana kutazama peke yake kulisaidia kidogo sana, na waliofunzwa kwa maneno ndio waliofuzu zaidi. Lakini mwaka 2022 wengine wakafanya jaribio lao kwa watu 25 wasiojua chochote cha kazi hiyo. Waliachwa kila mtu na mawe yake, nao wakajigundulia wenyewe namna za kupasua bila ya mwalimu. Wataalamu wakaanza kubishana. Mimi sioni ugomvi baina yao. Kupasua jiwe likapasuka, mtu mwenye shida atajigundulia. Kupasua bila ya kuharibu jiwe jema, ukatoa kipande ulichokikusudia na kesho ukatoa kingine mfano wake, hapo utamtafuta mtu aliyekutangulia.

Tuingie sasa ndani ya kompyuta yenyewe. Mwaka 2019 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitangaza kwamba imeunda viumbe wa kuigiza wanaocheza kibe, kundi moja lajificha na jingine latafuta. Katika uwanja wao mlikuwa na masanduku, kuta, na mbao za kupandia. Hawakuambiwa sanduku ni la kufanyia nini. Baada ya kucheza michezo kwa mamilioni, waliojificha wakajua kuziba milango kwa masanduku. Watafutaji wakajibu kwa kuleta ubao wa kupandia, wakaruka ukuta. Waliojificha nao wakajifunza kuuiba ule ubao mapema na kuufungia ndani. Hadi hapo ungedhani watazama watoto wa Kibokoni wakati wa alasiri. Lakini baadaye watafutaji wakagundua jambo ambalo walioutunga mchezo hawakulidhania: walipanda juu ya sanduku, wakalisukuma huku wamesimama juu yake, likaenda nao kama farasi mpaka juu ya ukuta!

Nilicheka niliposoma hayo, kisha nikatafakari. Huo ni werevu wa wakili kuliko wa seremala. Kiumbe yule hakufahamu sanduku. Alifahamu tundu lililokuwako katika sheria za dunia ya uongo, akapita. Katika dunia yetu, simama juu ya sanduku ujivute mwenyewe, utakaa pale pale hadi Kiyama. Na michezo aliyoichezea mpaka kufika hapo ilikuwa mamia ya mamilioni. Ni mtoto gani aliyepewa muhula wa namna hiyo?

Mwaka huo huo kampuni hiyo ilionyesha mkono wa roboti, wenye vidole vitano, ukigeuza mchemraba wa rangi, ule mchezo uitwao Rubik. Mkono ule ulifanyishwa mazoezi ndani ya kompyuta, na mazoezi hayo yakikusanywa pamoja hufika takriban miaka 13,000. Waliufanyisha huku wakibadilisha uzito wa mchemraba, ukubwa wake na utelezi wake, ili siku utakapotoka katika dunia ya hesabu na kuingia katika hii yenye jasho na vumbi, usishtuke. Ulipotoka, ukipewa mchemraba uliovurugwa vibaya kabisa, ulifaulu mara 20 katika kila 100. Sisemi haya kwa kubeza. Waliofanya kazi ile ni watu hodari, na kabla yao hapakuwa na mkono wa chuma uliofika hapo. Nasema tu kwamba miaka 13,000 ndiyo bei waliyotajiwa sokoni walipokwenda kununua ujuzi wa vidole, nao wakalipa, na bado mara nyingi kitu kikawaponyoka.

Sasa mtazame bibi akikuna nazi. Amekaa juu ya mbuzi, azungumza na mjukuu, wala hatazami chini. Nazi yazunguka mkononi mwake, na tui litakuwa jeupe, kwani mara tu meno ya mbuzi yanapokaribia kifuu, mkono wasikia, na nazi yageuzwa. Wapi amesikia? Katika ngozi ya kiganja, au katika chuma cha mbuzi? Jawabu lake walilikaribia wataalamu wa Japani mwaka 1996. Waliwafunza kima kuvuta chakula kwa reki ndogo, wakachungua chembe za ubongo zinazoshughulika na mkono na vilivyo karibu ya mkono. Kima alipokwisha izoea reki, chembe zile zikaanza kuishughulikia na reki nzima, kama kwamba mkono umerefuka hadi nchani mwake. Nahodha ashikaye usukani asikia maji kwa mti. Seremala asikia fundo la ubao kwa patasi kabla ya kulifikia. Mambo haya tuliyajua. Hatukujua tu kwamba ni elimu.

Mwaka 2020 wataalamu wengine wa Marekani waliwapa watu mafumbo ndani ya kompyuta: chagua kifaa kimoja katika vitatu, kiangushe mahali panapofaa, mpira uingie pale unapotakiwa. Watu waliyafumbua kwa majaribio machache tu. Na programu iliyowaiga vizuri kuliko nyingine ni ile iliyofanya kama wao: hukisia kwa mazoea, huona akilini kitakachotokea kabla ya kufanya, hufanya, na ikikosea hujirekebisha. Ukitaka kuyaona hayo bila ya kompyuta, nenda kasimame kando ya fundi mwenye tezo mkononi, wakati ule anapoligeuzageuza gogo na bado hajalipiga. Mpita njia humdhania mvivu.

Na sasa ndiyo nafika kwenye shahidi wangu hasa. Mwaka 2024, katika chuo kikuu cha Stanford, walionyesha roboti ya mikono miwili inayofunzwa kwa namna nyingine. Mtu hushika mikono ya kuongozea, akaifanya kazi mwenyewe, na mikono ya roboti ikafuata kila atendalo. Hufanya hivyo kama mara 50 hivi, kisha roboti huachwa ijaribu peke yake. Kwa njia hiyo ilijifunza, pamoja na mengine, kukaanga kamba na kumpakua. Yaani baada ya miaka 13,000 ya kuhangaika ndani ya hesabu, wakubwa hawa wamerudi kwenye mlango wa fundi: shika mkono wangu, tazama, sasa fanya wewe.

Hivyo ndivyo nilivyofunzwa kuandika alif. Maalim alinitilia kalamu ya mwanzi kidoleni, akafunika mkono wangu kwa mkono wake, tukashuka pamoja juu ya ubao. Kwa maneno matupu nisingejua ni kiasi gani cha wino, wala wapi mkono ukazwe na wapi ulegezwe. Na lugha yetu ilikuwa imekwisha yaona haya zamani. Fundi, fundisha, funzo, mwanafunzi, kumfunda mwari, yote ni ya shina moja. Tangu awali Mswahili hakutenganisha ajuaye kutenda na ajuaye kusomesha. Tulioweka ukuta baina yao ni sisi wa juzi, tulipoanza kuhesabu akili kwa karatasi.

Wala dini haikutufunza ukuta huo. Sura ya mwanzo kushuka imetaja kalamu, nayo ni zana. Nuhu aliamrishwa aunde jahazi, na Daud akafunzwa kuunda mavazi ya vita ya chuma. Zakariya, kama ilivyopokewa katika hadithi sahihi, alikuwa seremala. Mzee anayeona haya kumpeleka mwanawe kwa seremala amjibu Nabii Zakariya kwanza.

Wako watakaosema, "Wewe watuogofya au watupumbaza? Roboti ikijifunza kwa mara 50 tu, si ndiyo itawala mafundi?" Huenda ikawala baadhi yao. Lakini mimi siogopi hilo kama niogopavyo jingine. Watu wa nchi nyingine leo wanakusanya kwa bidii maonyesho ya mikono ya watu wao, kila mshiko na kila mgeuko, kwa kuwa wamefahamu kwamba mali imo humo. Sisi hapa tuna fundi wa milango ya Lamu, tuna waunda majahazi wa Matondoni, tuna akalafatie chombo kwa pamba na mafuta hata tone lisipite, nao wazeeka bila ya mwanafunzi. Vijana wameona mlango wa kiwandani ni rahisi na mashua ya plastiki haitaki kalafati. Fundi akifa hapatakuwa na wa kumfunza kijana, wala wa kuifunza hata hiyo roboti.

Sisemi watoto waache skuli. Nataka skuli imfuate fundi. Vyuo vya ufundi vya kaunti zetu vimwajiri fundi asiye na cheti, alipwe mshahara wa mwalimu, wala asiulizwe alisoma darasa la ngapi. Na yule mtoto aliyefaulu, mwenye alama nzuri, naye apelekwe kwa fundi siku mbili kwa wiki, apate kujua ubao una mkondo wake. Nimewasikia wakubwa wakisema fedha hazipo. Za semina zipo.

Na kwa kuwa huu ni ukurasa wa utamaduni, nina ombi kwa wasomaji. Tezo, randa, patasi, juba na keekee bado twayasikia majina yao, ingawa wengi hawajui tena ipi ni ipi. Yako mengine yanayotumika sehemu moja tu, Pate au Vanga au Kizingitini, ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Fundi wa kwenu akutajie jina la zana yake, akuonyeshe inavyoshikwa, nawe utuletee hapa gazetini jina hilo pamoja na maelezo ya mshiko wake. Tutayachapa yote, hata yale yatakayogongana.